Chumba cha Kumsomea Athumani

Papa mkavu ana harufu inayoanzia puani na kuishia kooni, kama mkojo wa siku tatu uliotiwa chumvi. Hiyo ndiyo harufu ya maktaba ya kwanza niliyoingia maishani mwangu. Ilikuwa chumba cha mwisho katika shule yetu ya kati, nje kidogo ya mji wa Tanga, katika miaka ya hamsini, na juu ya mlango palipigiliwa kibao: Maktaba ya Kumbukumbu ya Athumani Bakari. Athumani alisoma hapo kabla yetu. Alikuwa wa kwanza kuchaguliwa kwenda chuo cha ualimu, akafa kwa homa kabla hajafundisha hata siku moja. Mama yake, Bi Mwanahamisi, msuka mikeka, aliipa shule kabati la mwanawe na vitabu vyake vyote. Mwalimu mkuu alivipokea mbele ya watu, akamwambia, "Bibi, hapa watoto watamsomea mwanao daima." Kisha akatia kufuli mlangoni, na chumba kikawa ghala la papa ambao shemeji yake aliwanunua Kigombe na kwenda kuwauza Muheza.

Niliingia humo nikiwa darasa la sita, tulipotangaziwa kuwa mkaguzi wa shule angekuja keshokutwa. Sisi wasichana tulipewa kazi ya kuhamisha papa na kusafisha. Walikuwa wamerundikwa juu ya kabati, ndani ya kabati, na juu ya vitabu vyenyewe. Maji ya chumvi yalikuwa yamechuruzika hadi kwenye kurasa, zikagandamana kama ngozi ya kidonda. Nilipoinua kitabu cha jiografia, funza walinidondokea mkononi, weupe, wanene, wakijinyonganyonga. Nilitapika dirishani. Rehema, niliyekaa naye dawati moja, aliziba pua kwa upindo wa gauni. "Maktaba nzuri hii," akasema, "mtu unasoma kwa pua." Tulicheka, tukaendelea kupangusa. Vitabu vilikuwa arobaini na kimoja. Vilivyofunguka ni tisa.

Siku ya ukaguzi tuliketishwa humo, kila mmoja na kitabu chake. "Atakayepiga chafya mbele ya mgeni, nami nitampiga," alisema mwalimu mkuu. Mimi niliangukiwa na kile cha jiografia, nikakishika kwa ncha za vidole. Mkaguzi alisimama mlangoni, leso puani, akaandika mistari miwili na kuondoka bila kuuliza lolote. Nyuma yake akaingia Bi Mwanahamisi, ambaye naye alialikwa. Tulimwamkia, shikamoo bibi. "Marahaba, wanangu. Watoto wa pwani nyinyi, hata kwenye vitabu mnanuka samaki." Akapitisha kiganja juu ya kabati la mwanawe, polepole, kisha akanigeukia mimi niliyekuwa karibu. "Na wewe, mama, unamsomea nini? Yasini?"

Ndipo nilipoelewa. Kwetu marehemu anaposomewa, husomewa Kurani. Kwa miaka miwili mama huyu aliamini kwamba ndani ya chumba hiki watoto hufungua juzuu na kumwombea mwanawe. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama nyuma yake, fimbo kwapani. Hakumsahihisha.

"Mjibu bibi," aliniambia.

"Ninamsomea Yasini, bibi."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Alinishika kichwa kwa mikono miwili. "Basi mwaka huu sifanyi hitima. Miguu imenichoka, na kuwakusanya walimu wa chuoni waje kumsomea Kurani ni kazi. Nyinyi mnatosha."

Niliacha shule nilipomaliza darasa la nane. Yaliyobaki nimejifundisha mwenyewe, kitabu baada ya kitabu. Mwaka jana nilipita shuleni pale. Maktaba ni jengo jipya, mlango u wazi, vitabu vikavu, na mkutubi anakutaka unawe mikono kwanza. Jina la Athumani lipo. Chini yake kijana mmoja alikuwa amelalia kitabu cha kemia, na hakuna aliyemwamuru ajifanye anasoma. Kwa kila kipimo ninachokijua, leo ni bora kuliko jana.

Kwa miaka mingi kinyaa changu chote nilimtupia mwalimu mkuu. Anakistahili. Lakini yeye alitamka neno lenye maana mbili; langu lilikuwa na maana moja tu. Bi Mwanahamisi alifariki mwaka uliofuata, akijua mwanawe anasomewa. Hitima ile haikusomwa popote, na aliyeizuia ni mimi.