Kukifuata Kikohozi hadi Matungu

Damu ndiyo iliyonipeleka Matungu. Katikati ya miaka ya tisini, maabara yetu ya Nairobi ilikuwa ikichunguza ugonjwa wa mapafu usioletwa na kijidudu, bali na kinga ya mwili wa mgonjwa mwenyewe. Damu tuliyotumiwa kutoka nchi ya miwa ilitufikia imeharibika kila mara. Mkubwa wangu akachoka. "Nenda ukaichukue mwenyewe," akaniambia, kana kwamba mimi ndiye niliyeiharibu.

Asubuhi ya safari nilipanda basi na sanduku langu la barafu mapajani. Jirani yangu akaniuliza ninauza samaki gani. Mimi ni mzaliwa wa Voi, nchi ya vumbi jekundu na mkonge, kwa hiyo tulipoingia Magharibi macho yangu hayakushiba kile kijani. Kakamega tulifika alasiri, na mvua ikafika pamoja nasi. Mvua ya huko hutunza saa zake kuliko mabasi.

Kesho yake gari la idara ya afya lilinipeleka Matungu, nyumbani kwa Mzee Makokha. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika uwanja wa kiwanda cha sukari, akirundika makapi ya miwa iliyokwisha kukamuliwa, mpaka kikohozi kikamwachisha. Alikuwa ametibiwa kifua kikuu mara mbili, ingawa makohozi yake hayakuwahi kuonyesha kijidudu. Alikuwa amekonda, na miaka ile mtu akikonda majirani walikuwa na jibu kabla ya maabara.

"Mulembe, madam," mkewe, Mama Rosa, alinipokea. "Mzee analalanga kule stoo. Tunaogopea wajukuu."

Nilipokuwa nikimtoa damu, mzee aliniuliza jambo moja tu. "Madam, mimi siulizi nitaishi miaka ngapi. Nauliza kama naweza kurudi kulala kwa nyumba yangu."

Nilimwambia nitalitafuta jibu.

Kakamega mjini niliazima meza katika maabara ya hospitali. Kipimo chetu kilikuwa rahisi: unatoboa vitundu viwili katika sahani ya kitu kinachoganda kama jeli, kimoja unatia maji ya damu ya mgonjwa, cha pili unatia dawa iliyotengenezwa kwa ukungu wa makapi yaliyokaa. Kama damu imewahi kupigana na ukungu huo, mstari mweupe hutokea katikati. Nilingoja siku mbili, nikila ndizi na kusoma magazeti ya zamani. Mstari ukatokea, mzuri kabisa, nami nikacheka peke yangu kama mwehu.

Lakini mstari peke yake hauthibitishi ugonjwa. Isitoshe, mzee alikuwa ameacha kazi zamani. Mbona bado anakohoa? Nikarudi Matungu na swali hilo, nikamuuliza kama kuna mahali aliwahi kwenda akapata nafuu.

Mama Rosa akaguna. "Alienda kwa Rosa, mtoto wetu, huko Lugari. Akarudi amenona. Watu wakasema mimi sijui kupika."

"Mimi nilinyamaza," mzee akasema. "Mwanaume mwenye akili ananyamazanga."

"Na uliporudi?"

"Usiku ya kwanza tu, homa. Kifua ikafunga."

Niliomba kupaona anapolala. Mama Rosa alinifungulia stoo kwa fahari, na kweli palikuwa pamefagiliwa vizuri kuliko chumba changu cha Nairobi. Juu ya kitanda palikuwa na godoro alilolishona mwenyewe kwa magunia, akalijaza makapi ya miwa. Alichagua yale ya zamani kabisa, kwa sababu mapya yanachoma. Kila mzee alipozidiwa, aliongeza mengine ili mgongo wake ulale pazuri. Nililibonyeza kidogo. Vumbi lenye harufu ya ukungu likatoka, na mzee, aliyesimama mlangoni, akaanza kukohoa.

Moyo uliniuma. Ilinipasa kumwambia Mama Rosa, nami nilitamani aseme mtu mwingine. Nikaeleza kwamba askari wa mwili wa mzee wanaliona vumbi hilo kuwa adui, na kila wakipigana nalo, uwanja wa vita ni mapafu yake.

Mama Rosa akaketi ukingoni mwa kitanda. "Kumbe ni mimi nilikuwa namuua."

"Hapana," mzee akasema. "Wewe ulikuwa unanitandikia."

Juma lile daktari wa hospitali ya Kakamega alipima makohozi tena na kutazama picha ya kifua, akasema si kifua kikuu na hawezi kumwambukiza mtu. Godoro tulililowesha maji vumbi lisiruke, vijana wakaenda kulifukia migombani, na mzee akarudi kulala ndani ya nyumba yake. Nikarudi Nairobi na damu nzima, na mkubwa wangu akatabasamu, jambo ambalo si la kila mwaka.

Baada ya mvua za masika nilirudi kuchukua damu ya pili. Mzee Makokha alinipokea barabarani, akatembea nami mpaka nyumbani huku akizungumza. Kupanda mlima bado kulimshinda, maana pafu lililokwisha kukakamaa halirudi, lakini homa ilikuwa imekwisha. Nilifurahi sana. Nilikuwa nimejifunza kwamba mwili waweza kumuumiza mtu kwa bidii ileile ya kumlinda, na kwamba anayeuguza naye aambiwe ukweli kwa upole, kwa maana hakukusudia.

Mchana Mama Rosa alipika ingokho, yaani kuku. Katika nchi ile firigisi ya kuku, wenyewe huiita imondo, ni ya mwenye nyumba, wala mwingine haigusi. Muda wote mzee alipokuwa stoo, mwanawe mkubwa ndiye aliyekuwa akiila. Sasa Mama Rosa aliiweka mbele ya mumewe, mezani, katikati ya wajukuu. Mzee akaishika, akaitazama tu.

"Kula basi," mkewe akamwambia, "kabla sijampatia mgeni."

Akala polepole mpaka akaimaliza.