Sinema ya Zimwi Lenye Adabu

Sinema ile ilikuja Isiolo ndani ya mikebe ya bati, na mimi nilikaa mbele kabisa, sikukubali kusukumwa na vijana wa mtaa wa Chechelesi. Mwalimu Mfaransa wa sekondari alikuwa ametundika shuka jeupe ukutani na kuziba madirisha kwa blanketi, mchana kweupe. Nilikuja na shangazi, dada mdogo wa baba. Wiki hiyo wazee walikuwa wamekaa kwetu Kiwanjani wakaahidi kumwoza kwa mfanyabiashara wa ng'ombe wa Kulamawe, mtu mzima aliyefiwa na mke. Shangazi hakuwa amewahi kumwona. Hata chakula kilimshinda, ndiyo maana nilimvuta kwa nguvu aje achangamke.

Basi mashine ikaanza kunguruma. Pale kwenye shuka, baba mmoja anachuma ua kwenye bustani ya zimwi, na zimwi linadai apewe binti yake kama malipo. Ukumbi ukachafuka.

"Ua moja tu?" mzee mmoja akafoka nyuma yangu. "Si alipe ngamia yaishe."

Wenzake wakaanza kubishana ni ngamia wangapi, mpaka mwalimu akawaomba wanyamaze. Mimi nilikuwa nimepagawa. Mikono ilitoka ukutani ikishika mishumaa, mikono tu bila mtu! Nilimfinya shangazi mpaka akanibandua vidole.

Kisha zimwi, manyoya mpaka puani, likaja mezani likamuuliza msichana kama atakubali kuolewa nalo. Mwalimu akatutafsiria kwa Kiswahili chake cha kubahatisha. Msichana akakataa. Zimwi likainama, likaenda zake.

"Linamuuliza yeye mwenyewe," shangazi akasema. Sasa yeye ndiye aliyekuwa amenifinya.

Tulipofika nyumbani hakuvua hata viatu. Akamwambia nyanya, "Mama, huyo mtu aje aniulize mimi."

Nyumba ilikuwa moto siku hizo, nawaambia. Babu aligoma kula. Lakini nyanya alisimama na binti yake, na Ijumaa yule mtu akaja, ndevu zimetiwa hina, akapewa chai. Akamuuliza shangazi kama atakubali.

"Hapana," shangazi akasema.

Yule mtu akamaliza chai yake, akatuaga kwa salaam aleikum, akatoka. Mimi nilitaka kuruka kwa furaha. Shangazi akajifunika uso na mtandio, analia. Nikamuuliza analia nini na ameshinda.

"Kabla ya leo sikuwahi kuulizwa kitu," akasema.