Sahani ya Shabani

Utotoni mwangu, katika nyumba yetu ya mtaa wa Buyenzi, sahani hazikulala chali. Zilikuwa sahani za bati zenye maua mekundu, zilizonunuliwa katika soko kuu la Rohero, katikati ya mji, miaka mingi kabla halijateketea. Kila zilipooshwa zilifudikizwa moja moja juu ya uchanja. Aliyethubutu kuacha hata kibakuli kikitazama mbingu aliitwa na Bibi, akaambiwa kwa ile sauti yake ya chini iliyotutisha kuliko ukelele: "Sahani bila mulaji inaita. Na we hauchagui nani ataitika."

Atakayeitika, tulifahamishwa, ni marehemu. Hukaa akala kama watu, kisha akaondoka na mmoja wa waliomo. Majirani zetu wengi waliliamini jambo hilo, wa msikitini na wa kanisani sawasawa, nami niliogopa sahani tupu kama watoto wengine waogopavyo mbwa.

Bibi, mama mzaa baba, ndiye aliyetufunza hofu hiyo, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kuivunja.

Tulilala kitanda kimoja, mimi naye. Aliniita muke-mwenza, kwa utani wa bibi na mjukuu, na kila alfajiri tuligombania marehemu babu yangu: yeye akidai kwamba mume alimpenda yeye zaidi, mimi nikidai kwamba alikuwa akiningojea nizaliwe. Nilikuwa na miaka tisa nilipoanza kuona kwamba katika ugomvi huo Bibi husahau zamu yake. Baadaye akasahau njia ya kutoka msikitini. Kisha, adhuhuri moja, Mama alipokwisha kupakua ugali na ndagala, dagaa wa ziwa letu, Bibi akaomba sahani nyingine, akaijaza vizuri, akaiweka mkekani ubavuni mwake, akakunja mikono.

"Ya nani hiyo, Mama?" aliuliza mama yangu, ambaye alimwita mkwewe hivyo.

"Ya Shabani. Iko mu njia, anatoka Uvira. Tumungoje."

Shabani alikuwa kaka yake. Enzi zake alichukua vitenge katika maduka ya Asiatique, mtaa wa Wahindi, na kuvivusha hadi Uvira, ng'ambo ya mpaka, na kila safari alikula kwetu. Alikuwa amekufa kabla sijazaliwa.

Mama yangu ni mtu mkweli, na siku ile aliamini kwamba ukweli ni dawa. Akamshika Bibi mkono, akamwambia kwamba kaka yake alifariki zamani, akazikwa kwao, na kwamba Bibi mwenyewe alihudhuria matanga. Bibi akamtazama kama aliyepigwa. Akalia kilio cha mtu aliyeletewa habari saa ile ile, akauliza kwa nini hakuna aliyemwita mazikoni. Chakula hakikuguswa. Kesho yake habari ilikuwa imemtoka, ingawa huzuni ilikuwa imebaki usoni bila sababu yake, na adhuhuri ilipofika akaomba tena sahani ya Shabani. Tukamwambia tena, akalia tena. Leo nikikumbuka naona kwamba tulikuwa tukimzika mtu yule kila mchana, na kila mchana tukimfisha upya mbele ya dada yake.

Naye hakula. Mtu aliyelelewa vema hatii mkono sahanini kabla ya mgeni, na kanuni hiyo haikuwa imemtoka. Bangili yake ya fedha, iliyozoea kumbana, ikawa inateleza hadi kiwikoni kila alipoinua mkono.

Hapo akaingia Shangazi Mariamu, dada wa baba, aliyekaa nasi tangu afiwe na mumewe. Aliliona jambo kwa jicho lake. "Mama anakula na wafu," alimwambia Mama jikoni, kando ya mbabula, jiko letu la makaa. "Nimepata muganga kule milimani. Atakaa naye mpaka amutoe hiyo kitu. Gari itakuja Ijumaa, baada ya sala."

"Wifi, asiyekula hapa kwa watoto wake, atakula kwa mutu asiyemujua?"

"Hapa anakula na nani? Anakula na kaburi!"

Baba, aliyeshinda gereji na kurudi usiku na mafuta mikononi, alisema wanawake wapatane. Nami nikawa kati ya hofu mbili: niliiogopa ile sahani, na nililiogopa zaidi lile gari.

Nyuma ya ua wetu alikaa Bwana Melkiyoro, Mkristo, karani wa wizara fulani huko Rohero, mwenye tai, tumbo la heshima na bustani ndogo ya lengalenga, mchicha wa kwetu, aliyoipenda kama mtoto wa mwisho. Sisi tulikuwa na mbuzi wa Idi. Mwenye kusoma keshajua yaliyotokea. Siku mbili tatu kabla ya ile Ijumaa, Bibi akiwa ameketi mbele ya sahani mbili, mlango ulibishwa kwa kishindo na sauti nzito ya kiume ikaita: "Hodi humu!"

Shangazi aliangusha birika. Alipita mlango wa nyuma kwa kasi ambayo sikujua kuwa anayo.

Bwana Melkiyoro aliingia na shina la lengalenga mkononi, limetafunwa likabaki kijiti. "Mama Zena!" alimwambia mama yangu, maana Zena ndilo jina langu. "Ile mbuzi yenu imekula bustani yangu yote! Safari hii nitaita shefu wa karitiye, mutaa yote ijue, mi nakuambia..."

"Si niliwaambia?" Bibi alisema, na uso wake ukafunguka. "Karibu, kaka. Umechelewa."

Yule mtu alikishusha kijiti. Alimtazama Bibi, akaitazama sahani iliyojaa, akamtazama Mama, ambaye macho yake yaliomba. Namwona hadi leo akiinama, kwa shida ya lile tumbo, kuvua viatu.

"Nimechelewa kweli, dada," akasema. "Pale ku daraja ya Rusizi, watu ni wengi!"

"Na hiyo nini mu mukono?"

"Hii? Ni... ni zawadi yako."

Bibi alikipokea kijiti, akakigeuza huku na huku. "Angalia mwanaume! Anatoka Uvira ananiletea kijiti!" Akacheka mpaka bangili ikalia. Hatukuwa tumekisikia kicheko hicho kwa muda mrefu. "Haya, nawa. Umesema bismillahi?"

"Bismillahi," alisema Bwana Melkiyoro, kwa uangalifu wa mtu aliyevaa kofia ya mwenzake, akamega tonge. Bibi naye akamega. Alikula hadi akaipangusa sahani kwa kidole, na mgeni wake akaomba pilipili.

Shangazi alirudi akichungulia, amejifunga kanga kichwani kama wa msibani. "Masikini," alinong'ona, kwa mnong'ono uliosikika hadi barabarani. "Amekwisha huyu. Amekula chakula ya marehemu."

"Dada Mariamu," alijibu Bwana Melkiyoro akilamba vidole, "kama hii ndiyo ya marehemu, ya wazima iko namna gani?"

Asubuhi iliyofuata Shangazi alipanda juu ya kinu ili aone ng'ambo ya ua kama jirani ameamka. Alikuwa ameamka. Alikwenda kazini na tai yake, akarudi adhuhuri, akabisha hodi bila kinyongo chochote cha mbuzi. Jambo pekee lililompata ni kwamba alihitaji tundu jipya kwenye mkanda.

Alhamisi wizara ilimzuia. Tulingoja, ugali ukapoa ukatanda ngozi, na Bibi hakunyoosha mkono. "Munaona?" alisema Shangazi. "Kesho gari." Tayari alikuwa amefunga nguo za Bibi katika kitambaa.

Sijui ujasiri ulinijia kutoka wapi. Ninachojua ni kwamba nilikuwa nimekwisha kuona, nyumbani kwetu na kwa wengine, jinsi mgeni muungwana aliyekwama njiani afanyavyo: hutuma mtu na salamu, wenyeji wasikae na njaa kwa ajili yake. Nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikazunguka nyumba, nikasimama barazani. Kumsemea maiti! Nikabisha.

"Hodi. Asalaam alaikum. Nimetumwa na babu Shabani."

Niliwaona kupitia mlango uliokuwa wazi. Shangazi alikuwa amejiziba mdomo.

"Alaikum salaam," Bibi akajibu. "Anasemaje?"

"Anawasalimia sana. Amezuiwa ku mpaka. Anasema muanze kula, mumuwekee yake."

Bibi alinikazia macho. "Ulimuacha muzima?"

"Muzima, Bibi."

"Alhamdulillahi." Akachukua sahani tupu, akaifunika ile ya kaka yake ili nzi wasiiguse, akavuta ya kwake. "Ingia, mutoto. Aliyeleta salamu hakai nje. Kula."

Ijumaa gari lilifika kama ilivyoahidiwa, likapiga honi mlangoni. Shangazi alisimama na furushi. Bwana Melkiyoro alikuwa hajarudi, na mimi nilikuwa nikilia, nimeshikilia nguo ya Bibi. Bibi alikataa kuinuka. "Mi siende popote. Kaka yangu akute mulango umefungwa?"

Honi ililia tena. Shangazi alimtazama mama yake, na ile bangili iliyolegea, na sahani. Kisha mwanamke yule, aliyewaogopa wafu kuliko sote, aliweka furushi chini, akaketi mahali pa Shabani, akasoma bismillahi mara nyingi kuliko inavyohitajika, akatia mkono.

"Mama," akasema mdomo umejaa, "nimetangulia. Mjomba atanisamehe."

Bibi akampiga kofi dogo mkononi. "Mulafi weye, tangu utoto!" Naye akaanza kula. Nje dereva aliita hadi akachoka, akaondoka.

Tangu hapo sahani ya Shabani haikukosa mwenyewe. Mafundi wenzake Baba waliikalia, wapita njia waliikalia, na Bwana Melkiyoro, ambaye siku ya Idi aliletewa paja la adui yake, aliikalia kuliko wote. Bangili ilirudi kubana. Sasa ninajua kwamba maradhi yale ya kusahau yana jina hospitalini, na kwamba hayakuletwa na sahani wala na kaburi. Mama, katika uzee wake, bado hujiuliza kama tulimdanganya. Mimi humjibu kwamba Bibi hakuwa amekwenda kwa wafu. Alikuwa amerudi katika miaka yake mwenyewe, huko ambako kaka yake bado yuko njiani, na sisi tulimfuata huko kumpakulia.

Miaka ilipita, na mwisho hata Shabani akamtoka. Nilikuwa mwanachuo nilipoketi naye mchana mmoja, akanitazama kwa adabu nyingi, adabu ambayo watu hawawapi wajukuu zao.

"We ni nani, mama?"

Jina langu lilinijia kinywani, pamoja na kitanda tulichogawana na mume tuliyemgombania. Nikalimeza.

"Mi ni mugeni, Bibi."

Uso ukamng'aa. Akasukuma sahani yake hadi magotini pangu, akachagua samaki mkubwa, akaniwekea juu. "Karibu. Umetoka mbali?"

"Mbali kidogo."

"Basi kula kwanza. Majina baadaye."

Kwa muda mrefu niliihesabu siku hiyo kuwa ndiyo niliyompoteza. Sasa, nami nikiwa na wangu wa kuwapakulia, naihesabu kuwa siku pekee maishani nilipopewa samaki mkubwa na mtu asiyenijua hata kidogo. Nilinawa mikono, nikala.