Bunduki Mpya ya Doyle Treadway

Doyle Treadway alinunua bunduki yake ya kwanza ya kujipakia akiwa na miaka hamsini na tisa. Alinunua Jumanne, na kufikia Ijumaa alikuwa tayari anawafundisha wengine. Sisi wa Piney Fork tumezoea wajuaji, lakini wengi wao huhitaji angalau mwezi mmoja.

Kabla ya hapo alikuwa mtu wa kawaida tu, wa kuchosha. Miaka thelathini na moja aliendesha lori la gesi, akijaza matangi ya watu huko vilimani, na hakuna ua katika kaunti hii ambao hakusimama akapiga soga mpaka mwenye nyumba akaunguza chakula. Bunduki aliyokuwa nayo ni moja, ya marehemu baba yake, ile ya kuvuta komeo kwa mkono kila unapotaka kupiga. Kila Novemba aliua kulungu mmoja, akajaza friza, akatosheka. Mwenye akili katika nyumba ile alikuwa mkewe, Carlene. Carlene alipofariki, Doyle akastaafu, na tangu hapo Jumamosi yetu ya shabaha ikawa siku pekee anayoonana na binadamu. Alikuwa anafika saa nzima kabla ya wenzake. Ukimuuliza amefanya nini wiki nzima, anakwambia amesubiri Jumamosi, na anasema bila hata mshipa wa haya.

Mimi ndiye msimamizi wa mstari wa wapigaji pale klabu yetu ya shabaha, mwaka wa kumi na tisa huu. Navaa firimbi shingoni, nasema nani apige na nani aache. Wananiita Bi Oleta, hata walionizidi umri, na siku nikikasirika hawaniiti kabisa. Nimewaona wengi wanaonunua bunduki ya kujipakia kwa mara ya kwanza, na ushauri wangu kwao ni mfupi. Nunua bunduki, nunua risasi, kisha funga pochi. Soma kile kitabu kidogo kilichomo ndani ya boksi. Doyle alikitumia kutegemeza meza ya jikoni isicheze.

Jumamosi ya kwanza alikuja na bunduki imening'inizwa vitu mpaka huioni. Ilikuwa na tochi, na kimwanga chekundu, na miguu miwili ya chuma ya kukunja, na mkanda wenye mifuko, na darubini ambayo, Mungu ni shahidi yangu, aliifunga nyuma mbele. Yeye mwenyewe amevaa glavu zilizokatwa vidole na fulana ya askari iliyombana kitambi.

"Doyle," akasema Royce Pennell, mwenyekiti wetu, "hiyo ni bunduki au mti wa Krismasi?"

"Cheka tu, Royce. Siku ukihitaji mwanga utaniita."

"Saa nne asubuhi hii? Na jua lote hili?"

"Adui hachagui saa, mzee."

"Adui gani atakuja Piney Fork, Doyle? Aje achukue nini, bata wako?"

Watu walicheka mpaka wakamwaga kahawa. Doyle naye akacheka, kwa kuwa ni mtu asiyejua anapochekwa, halafu akapiga risasi ishirini na zote zikaenda kwenye udongo. Alilaumu upepo. Nilipomgeuzia darubini yake akaniambia ndivyo alivyokusudia, alikuwa anaipima tu. Nilimwonea kinyaa.

Ningevumilia kama angeishia hapo, lakini akaanza kutoa ushauri. Kinyozi alimsikia, mchungaji alimsikia, na kwenye duka la chakula cha mifugo walifika mahali wakiona gari lake wanajificha nyuma ya magunia. Aliyempata kisawasawa ni Nadine, mpishi wa shule, mjane kama yeye, ambaye na yeye alikuwa amenunua bunduki ya aina hiyo kwa ajili ya mbwa-mwitu wadogo wanaomlia kuku. Nadine ni mpole, hajui kumkata mtu maneno. Doyle alimsimamisha dakika arobaini pembeni ya ndoo za mahindi.

"La kwanza kabisa, Nadine, hii inajipakia yenyewe. Umenielewa? Siyo kama ya marehemu baba. Ile ukishapiga, ndani hakuna kitu mpaka uvute komeo. Hii ukipiga moja, nyingine imeshaingia chemba, pale nyuma ya mtutu, inakusubiri. Magazini, kile kisanduku cha risasi, unaweza kuitoa, na risasi hiyo moja bado imo."

"Nimeelewa, Doyle."

"Usisahau."

"Sitasahau."

"Sasa tuje kwenye glavu."

Nadine akanijia Jumamosi iliyofuata. "Bi Oleta, eti ni lazima ninunue glavu?"

"Mikono inakuungua?"

"Hapana."

"Basi acha. Na ukikutana tena na Doyle mwambie umeacha kitu jikoni."

Nikamfundisha mwenyewe, kwa robo saa. Kidole nje ya kifyatulio mpaka umeamua kupiga. Mtutu uelekee pasipo na mtu, hata kama unajua haina kitu, maana kujua kwako hakunisaidii mimi niliyesimama mbele. Ukimaliza, toa magazini, vuta komeo nyuma, tazama ndani kwa macho yako, kisha ingiza kidole uguse. Nadine alifanya mara sita bila kukosea na bila fulana ya askari.

Sheria yetu ni moja iliyo kubwa kuliko zote, na imebandikwa mlangoni. Nikisimamisha mstari, kila mtu anatoa magazini, anaacha chemba wazi, anachomeka kijiti cha njano ndani yake ili kila mwenye macho aone kwamba haina kitu, kisha anarudi nyuma, hagusi tena. Mimi napita meza moja baada ya nyingine, natazama kila chemba, nasema "safi". Zikiwa safi zote ndipo napuliza firimbi mara mbili na watu wanakwenda mbele kubandika karatasi mpya. Risasi ikilia watu wakiwa mbele, aliyepiga anatoka klabuni siku hiyo hiyo na harudi mpaka kufa. Na msimamizi aliyepuliza bila kutazama, naye vivyo hivyo. Hakuna rufaa. Baba yake Royce ndiye aliyeiandika, baada ya kumzika mtu.

Jumamosi ya mwisho kabla ya msimu wa kulungu mstari ulijaa, meza kumi na moja zote. Baridi ilikuwa imeanza. Kila mtu alitaka kurekebisha shabaha ya bunduki yake, na kila mtu alikuwa na haraka. Nikasimamisha mstari, nikaanza kupita. Meza ya kwanza safi, ya pili safi, mpaka ya kumi. Ya kumi na moja, mwisho kabisa, ilikuwa ya Doyle.

Aliniona nikija, akafungua mdomo. "Bi Oleta, hebu njoo uone. Hii miguu nimeiagiza mpya, ile ya zamani ilikuwa fupi, sasa hii ukiibonyeza hapa..."

Tangu asubuhi alikuwa ameshanieleza habari za miguu ile mara mbili. Nilitupa jicho kutoka pale nilipokuwa. Magazini ilikuwa juu ya meza, imetolewa. Kijiti cha njano sikukiona, lakini nilijiambia kitakuwa upande wa pili, chini ya matakataka yake yote. Zilikuwa hatua tano tu. Sikwenda. Nilisema moyoni, sitaki kusikia habari ya miguu tena leo, nikampa kisogo, nikapuliza mara mbili.

Watu wakaenda mbele. Nadine alikuwa kwenye ubao wa shabaha wa kumi na moja, anambandikia Doyle karatasi, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa bado anahangaika kuvua glavu.

Bunduki ilisimama kwenye ile miguu mipya na mguu mmoja haukuwa umekazwa. Ukateleza. Doyle aliona mali yake inataka kuanguka kwenye kokoto, akaidaka, na mkono wake ukaenda palepale mkono wa mtu unapokwenda, kwenye kifyatulio. Ikalia.

Mlio wa bunduki wakati hutarajii mlio wowote hauna mfano. Nguzo ya ubao ilipasuka hatua moja kutoka kichwani kwa Nadine. Yeye hakupiga kelele. Alikaa chini, akashika masikio, karatasi bado imo mkononi. Nilifika kwake kwanza, nikampapasa kichwa, shingo, mabega. Alikuwa mzima. Alikuwa na kibanzi cha mbao shavuni tu.

"Haina kitu," Doyle alikuwa anasema nyuma yetu. "Niliipiga ya mwisho nikatoa magazini. Haina kitu ile. Nilipiga, nikatoa."

Miaka arobaini ya bunduki ya baba yake ilikuwa mikononi mwake. Mdomo ulishajua, tena ulimfundisha Nadine neno kwa neno pembeni ya ndoo za mahindi, lakini mikono haikuwa imeambiwa. Lile ndilo kosa la kwanza ambalo natakiwa kulikamata, na ndiyo sababu naambiwa nitazame chemba, siyo meza.

Royce akatuita wote kwenye kibanda, palepale, kahawa ikiwa bado moto. Watu kumi na wawili kwenye mabenchi. Doyle alikaa karibu na mlango na fulana yake ya askari. Hakuna aliyemtania. Alikuwa amekwisha kumwomba Nadine msamaha mara tatu, na Nadine mara zote tatu alimwambia, "Basi, Doyle, basi."

"Sheria mnaijua," Royce akasema. "Lakini lazima niulize. Bi Oleta, chemba ya Doyle uliitazama kabla hujapuliza?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Neno lenyewe ni "hapana", halichukui pumzi. Niliwaangalia wote kumi na wawili, watu niliowapigia kelele miaka kumi na tisa kwa uzembe, niliowaita wajinga mbele ya wake zao. Kisha nikamwangalia Doyle. Alikuwa ananitazama moja kwa moja, na alijua. Ni yeye aliyeniita nikamgeuzia mgongo.

"Niliitazama," nikasema. "Ilikuwa safi."

Royce akageuka. "Doyle?"

Doyle alitazama glavu zake, akazikunja, akazitia mfukoni.

"Bi Oleta akisema aliitazama, basi aliitazama," akasema. "Itakuwa niliipakia tena mwenyewe, sikumbuki."

Magazini ilikuwa mezani muda wote, na hakuna hata mmoja mle ndani asiyejua kwamba bunduki haijipakii bila magazini. Royce alijua. Alitazama sakafu, akakuna kidevu, na hakuuliza tena. Akasema wanaokubali sheria ifuatwe wanyooshe mikono. Hakuna aliyetaka kutangulia, mtu anamwangalia mwenzake. Wa kwanza kunyoosha nilikuwa mimi.

Nimemdharau Doyle Treadway kwa kurasa zote hizi, na siyafuti niliyosema, maana darubini kweli aliifunga nyuma mbele. Lakini ile dharau niliyokuwa nayo siku ile, sijui tena niielekeze wapi isipokuwa kwangu mwenyewe.

Watu wakatoka. Nilijishughulisha na vikombe ili apite bila kuonana nami. Hakupita. Alikuja mpaka kwenye sinki, akaweka kikombe chake, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akasema kwa sauti ya chini.

"Sikusema, lakini siyo kwa kukuogopa."

"Basi ungesema, Doyle. Kwa nini hukusema?"

"Mimi nimeshazoea kukaa nyumbani peke yangu," akasema. "Wewe Jumamosi ungeenda wapi, Bi Oleta?"

Nje walikuwa wamesharudi kwenye meza zao, wananisubiri niwafungulie mstari.