Kanga za Fundi Idarus

Fundi Idarus, mchonga milango wa Langoni, alizoea kujisifu barazani kwamba tangu azaliwe hajalowesha nguo. Kumbe mkewe, Bi Ruwaida, ana mgongo mbovu, na kufua ni kazi ya Idarus, mlango ukiwa umekomewa.

Basi Jepchirchir, mwalimu aliyekuwa akitafiti kazi za nyumbani, alipomhakikishia kuwa jina lake halitaandikwa, Idarus alifunguka kama mgonjwa aliyepata tabibu. Alieleza hata anavyozigeuza kanga ndani nje kabla ya kuzianika, zisipauke.

Miezi ikapita. Alasiri moja redio ya barazani ikasoma matokeo: "Fundi mmoja wa milango, mtaa wa Langoni, asema huzigeuza kanga za mkewe..."

Baraza zima likamgeukia. Mafundi wa milango Langoni ni wawili, na wa pili, Husni, hajaoa. Bwana Abdulwahid, mmoja wa wanabaraza, alicheka hadi kahawa ikampalia.

Kesho yake Idarus alimvamia Jepchirchir. "Uliniahidi siri! Ndia nzima yanicheka, mtaa mzima!"

"Jina lako halimo, Bwana Idarus."

"Kanga zangu zimo!"

Jepchirchir aliona haya, akaomba radhi. Maneno yale angeyafuta siku ile ile. Ila matokeo alikuwa ameyaweka mtandaoni kwa leseni huria: yeyote aweza kuyasoma, kuyanakili, hata kuyatangaza, mradi ataje yalikotoka. Nakala zilizokwisha kutoka hazirudi.

"Yeyote? Hata mimi?"

"Hata wewe." Akampa simu.

Idarus akasoma huku amenuna, mpaka akafika kwenye jedwali la wanaume wa Langoni. Akalirudia. Uso ukaanza kukunjuka.

Alasiri aliketi barazani kwa madaha. "Jamani, utafiti wasema zaidi ya nusu ya wanaume wa mtaa huu hufua. Mimi ni mmoja, nakiri. Haya, wenzangu ni nani?"

Mmoja akakohoa. Husni akakumbuka ameacha mbao juani.

"Bwana Abdulwahid, wewe hukuhojiwa?"

"Mimi... mimi husuuza tu."

Watu waliangua kicheko hadi kinamama wakachungulia madirishani.

Bi Ruwaida, aliposikia kunakili ni halali, alilichapisha jedwali akalibandika ukutani nje, na chini yake akaandika kwa uaminifu jina la Jepchirchir. Wanawake wakapanga foleni kulipiga picha. Abdulwahid naye alipita ameinamisha kichwa, kisha akarudi, akamnong'oneza Idarus: doa la mchuzi wa nazi hutolewa kwa kitu gani?

Idarus alimweleza vizuri sana, kwa sauti ya kuadhini.