Mstari Ambao Yustina Hakuusoma

"Soma tena," nilimwambia binti yangu.

Nyemo akasoma tena. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya kituo cha sanaa, hapa Manyoni, tukimsubiri Mratibu. Karatasi ilikuwa bado imebandikwa ukutani, jua limeshaigeuza rangi, kona moja imechanika. Lilikuwa tangazo la kazi ya mwalimu wa ngoma. Kazi yenyewe ilishapata mtu, na mtu huyo tulikuwa tunamsikia upande wa pili wa ukuta akiwahesabia watoto: moja, mbili, tatu, piga.

"'Awe na cheti cha kidato cha nne,'" Nyemo alisoma, "'au awe na uzoefu wa miaka kumi na kuendelea katika ngoma za asili, hata kama hana cheti.'"

"Hayo ya mwisho yameandikwa hapo, au unanipoza?"

"Yameandikwa, mama. Weka kidole hapa."

Niliweka kidole. Miaka kumi. Mimi nilikuwa na thelathini na mitano. Mratibu alipotoka aliniamkia vizuri, akaniambia wanahitaji mtu wa kukaza ngozi na kuwasha moto kabla ya mazoezi. Msaidizi wa mwalimu. Yaani msaidizi wa Yustina, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kushika ngoma.

Halafu akaniomba na jambo la pili. Kituo kina jarida lake, linatoa nafasi za kazi kwa wachezaji na wapigaji, linatoa habari za vikundi, nani amealikwa wapi, nani amefiwa. Akasema vijana wangependa kusoma kumbukumbu za kazi yangu. Basi ndizo hizi. Ninasema, Nyemo anaandika, na nimemkataza kunipamba. Na wewe Mratibu, nakuomba usikate mstari. Nimeshakatiwa mmoja, unatosha.

Nilianza nikiwa na miaka kumi na sita. Shule niliiacha darasa la tatu kwa ajili ya mbuzi wa baba. Herufi kubwa za dukani nazisoma, lakini barua ya mashine yenye maneno madogo inanishinda. Siku ya kwanza sikugusa ngoma. Kiongozi wetu, Mama Debora, alinipa mundu akanituma nikakate majani makavu.

Ninyi mnaopiga sasa mnajua muheme ni ngoma ya wanawake wa Kigogo, lakini wengi mnaikuta imeshakazwa. Ngoma ile ni nyembamba katikati, kama mtu aliyefunga mkanda. Unaibana kwa mapaja, unapiga kwa viganja, na mabega yanacheza. Ngozi yake ikipata ubaridi inalegea, inatoa sauti ya mtu mwenye mafua. Ndiyo maana tunawasha moto wa majani, tunaelekeza uso wa ngoma kwenye mwali, tunaizungusha, tunagonga kwa kidole kusikiliza. Siku ile nilisogeza karibu mno, ngozi ikapasuka.

Mama Debora akaiangalia. "Ng'ombe huyu alishakufa," akasema. "Wewe umemwua mara ya pili."

Wanawake walicheka mpaka wakashika magoti. Nilikata majani miezi minne kabla ya kupewa ngoma nyingine.

Sasa sikilizeni jambo la moto, maana kesi yangu yote iko hapo. Ngozi inachukua muda kukaza. Muda huo hatukai kimya. Ndio muda wa matangazo. Barua zote za kikundi zilisomwa pale, kila Jumamosi alasiri, tumezunguka moto: harusi inayotaka wapigaji, mgeni anayekuja, msiba, nafasi ya kazi. Na sheria aliiweka Mama Debora: kilichosomwa kwenye moto kimesomwa kwa wote. Ukiwa uliota moto, umesikia. Huwezi kuja wiki ya pili ukasema hukuambiwa. Sheria hii ilituepusha na ugomvi mwingi, maana wengi wetu hatukusoma, na kila mmoja alimwamini anayesoma kama anavyomwamini mganga wa meno. Unafungua mdomo tu.

Mabosi wetu walikuwa wengi. Ofisa Utamaduni wa kwanza alikuja kwa baiskeli, akasema bila kushuka, "Mama Debora, Ijumaa nataka wanane stesheni, mgeni anashuka na treni." Treni ilichelewa mpaka jua likaanza kuinama, ngoma tulizikaza mara tatu, na yule bwana akakaa chini na sisi akila mihogo. Aliyemfuata alikuwa mtu wa saa. Tulipokwenda kupiga kwenye maonyesho ya wakulima Dodoma alitaka wimbo uishe kwa dakika tatu. "Mgeni ana ratiba," akasema. Mama Debora akamjibu, "Ratiba ikichoka, itafutiwe kiti." Tukapiga wimbo wote. Mgeni mwenyewe alisimama akacheza.

Tulikwenda Itigi, tukaenda Singida mjini, tukalala kwenye madarasa, tukala ugali wa mtama kwenye sinia moja. Mimi nilikuwa mwitikiaji, yaani napiga nikimfuata anayeanza. Mwaka wa tisa Mama Debora aliniweka kuwa mwanzishaji. Mwanzishaji ndiye anayetupa mpigo wa kwanza na wenzake wanaitikia. Akitaka kubadilisha hasemi, anageuza shingo tu, na wote wanajua. Siku aliyonipa kazi ile alinivuta pembeni.

"Mkono wako unajua," akasema. "Macho yako yatajua lini?"

"Mama, ngoma haina herufi."

"Barua inayoiita ngoma ina herufi. Nenda kwa wale wa elimu ya watu wazima, jioni wanafundisha bure."

Nilikwenda mara mbili. Niliona aibu kukaa na kalamu mbele ya watu walionipigia makofi stesheni. Hilo ni kosa langu, sitamsingizia mtu.

Wanawake tuliokuwa kwenye moto ule wa kwanza tulikuwa tisa. Mama Debora alifariki, wengine wakamfuata, mmoja mmoja, kwa kisukari, kwa uzazi, kwa homa ya wiki moja. Nimebaki mimi. Ngoma ya Mama Debora, ile ya kuanzia, niliachiwa mimi, pamoja na kuwaongoza wapigaji.

Yustina alikuja akiwa na miaka ishirini, cheti chake cha kidato cha nne kwenye bahasha ya plastiki kama vile tutakikagua. Alikuwa mpwa wa Mwenyekiti wa kikundi, Mzee Lazaro. Nilimshika viganja mwenyewe. Nilimwonyesha kubana ngoma bila kuua mapaja. Alijifunza upesi, upesi kupita nilivyojifunza mimi, na sikulifurahia hilo hata siku moja. Alikuwa na mabega. Watu walianza kuangalia mabega yale. Nikitupa mpigo, macho ya watu yanapita juu ya kichwa changu yanakwenda kwake, kama mimi ni dirisha.

Ndiyo, ni wivu. Nauita kwa jina lake kabla hamjanisaidia kuuita.

Kwa sababu alisoma, Mzee Lazaro akampa kazi ya kusoma barua kwenye moto. Alisoma vizuri, kwa sauti ya redio. Tukamzoea.

Miaka mitatu iliyopita goti langu la kushoto lilikataa. Daktari alisema mfupa umelika kwa kubana ngoma. Niliacha kupiga, lakini Jumamosi naenda, nawasha moto, nakaza ngozi za wenzangu. Nilikuwa pale siku Yustina aliposimama na karatasi ya kituo kipya cha sanaa. Mzee Lazaro ndiye aliyemkabidhi, nilimwona akiisoma kwanza mwenyewe, midomo ikitembea, halafu akaikunja.

Yustina akasoma: anatafutwa mwalimu wa ngoma za asili, awafundishe watoto na vijana, awe mkazi, awe na afya, awe na cheti cha kidato cha nne. Mwisho wa kupeleka maombi ni Ijumaa. Akakunja karatasi.

"Na sisi tusio na cheti?" niliuliza.

"Ndivyo serikali za siku hizi, Mama Nyemo," akasema Mzee Lazaro. "Karatasi kwanza, mkono baadaye."

"Kwa hiyo hakuna?"

"Si umesikia?"

Nilisikia. Nikageuza ngoma kwenye moto. Yustina hakuniangalia. Alikuwa anaangalia majani yanavyowaka.

Siku kituo kinafunguliwa nilikaa mstari wa tatu, kiti cha plastiki, nimevaa kitenge changu cha safari za Dodoma. Yustina alitoka na suti ya michezo ya bluu, mgongoni imeandikwa MWALIMU kwa herufi kubwa, hizo nazisoma. Filimbi shingoni. Raba nyeupe, kana kwamba muheme unachezwa uwanja wa mpira. Watoto walimkimbilia, wakagombania kumbebea ngoma. Akatupa mpigo wa kwanza, na ulikuwa mpigo wa Mama Debora, ule ule, pamoja na kile kituo kidogo kabla ya kiganja cha pili ambacho mimi nilihangaika nacho mwaka mzima. Watu wakapiga vigelegele. Mtoto mmoja akapita mbele yangu, akamwambia yeye, "Shikamoo mwalimu," akanigeukia mimi, "Shikamoo bibi." Nina miaka hamsini na minne.

Hata hivyo siku ile nilikubali. Nilijiambia cheti ni cheti. Nilirudi nyumbani nikapika, nikanyamaza. Mpaka siku ya benchi.

Kutoka kwenye benchi nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Lazaro, na goti langu hili. Alikuwa anapepeta alizeti.

"Mwenyekiti, ule mstari ulikuwepo."

Hakuuliza mstari gani. Hapo ndipo nilipojua.

"Mama Nyemo, mambo ya kwenye moto hayafukuliwi. Majivu ni majivu."

"Majivu yana joto, mzee. Weka mkono uone."

"Na goti lako hilo, ungewafundishaje watoto? Ukubali tu."

Goti halikuandikwa kwenye maneno ya kukatazwa. Afya, wamesema. Afya anapima daktari, si Lazaro na ungo wake. Kufundisha ni kukaa, kusikiliza, na kumshika mtoto kiganja. Mama Debora alifundisha miaka yake ya mwisho akiwa amekaa kwenye kigoda.

Yustina nilimkuta gengeni akichagua nyanya.

"Kwa nini hukulisoma tangazo lote?"

Akaweka nyanya chini taratibu. "Mama, si ulikuwepo kwenye moto? Ukiota moto, umesikia. Ni sheria yenu hiyo, sikuitunga mimi."

"Nilisikia ulichosoma."

"Basi, mama. Na Dodoma je? Ile uliitangaza?"

Mwenye genge alijifanya anapanga vitunguu.

Nimwambie Nyemo aruke hapa? Nimeshasema mstari usikatwe. Andika, Nyemo. Miaka kumi na miwili iliyopita, mimi ndiye nilikuwa kiongozi. Mzee mmoja wa stesheni aliniletea ujumbe wa mdomo: kikundi cha Dodoma kinataka msichana mmoja mpigaji, wa kudumu, apande treni ya Alhamisi. Jumamosi ile tuliota moto, nikatangaza harusi, nikatangaza msiba, na Dodoma nikaimeza. Nilijiambia kikundi kitapungukiwa. Uongo. Wapigaji walikuwepo wengi. Msichana mwenyewe angekuwa Yustina, wote tulijua, na mimi sikutaka kumwona akipanda treni huku mimi nimesimama chini na ngoma mapajani. Nilitaka aende, na nilitaka asiende. Nikanyamaza. Kumbe mke wa yule mzee wa stesheni alimwambia Yustina baadaye. Yustina hakuniuliza. Alipiga karibu yangu miaka yote hiyo, anaitikia kila mpigo wangu, na hakuniuliza. Alikuwa ameliweka moyoni.

Sasa baadhi yenu mtasema tumelipana, tukae. Mimi nasema hapana. Nilichofanya ni kibaya, lakini nilikifanya kwa mdomo wangu, kwa ujumbe nilioletewa mimi. Yeye alishika karatasi ya watu wote, akasimama mahali ambapo tunaamini kwa macho yaliyofumbwa, akaruka mstari mmoja na kusoma uliofuata bila sauti kutetemeka. Hakunizibia mimi peke yangu. Kulikuwa na Mama Sikudhani pale, kulikuwa na Bi. Mwaja, wote wana miaka yao kumi na zaidi, wote hawana cheti. Wao hawakumkosea kwa habari ya Dodoma. Na sheria ya moto, kuanzia siku ile, nani ataiamini? Mama Debora alituachia ngoma tisa na sheria moja. Ngoma zimebaki nne.

Ninyi wasichana wa kituo, jifunzeni mpigo kwa Yustina, sitawakataza. Anaujua, na aliutoa kwangu. Lakini jifunzeni pia kusoma tangazo wenyewe mpaka chini, hata kama mnampenda anayewasomea. Mimi nimeanza kwenda tena jioni kwa wale wa elimu ya watu wazima. Nakaa mbele.

Kazi ya msaidizi nimemjibu Mratibu kwamba nitaifikiria baada ya Jumamosi. Jumamosi nitakwenda kwenye uwanja wa kikundi, majani nimeshakata, moto nitauwasha mimi. Nataka Mzee Lazaro awepo na nataka Yustina aje na karatasi ile, au aje bila karatasi, maana Nyemo ameinakili. Nitasimama kwanza mimi, niseme Dodoma mbele ya wote, kwa sauti, na yeyote mwenye neno juu yangu alitoe. Halafu yeye asimame asome tangazo lile lote, na mstari ule, na atuambie kwa nini aliuacha na nani alimwambia auache.

Mimi ni mwanzishaji. Nimeshatupa mpigo. Yustina, itikia.