Mama alichukuliwa "kusomeshwa" mjini, sasa wakamtaka na binti yangu

Wakuu, habari za muda huu. Hii siyo chai, imetokea kwenye familia yetu hapa Songea na bado ina moto.

Mama yangu ni mtoto wa wakulima wa tumbaku, Namtumbo. Akiwa binti mdogo, kaka yake mkubwa aliyekuwa na kazi mjini alimchukua "akamsomeshe". Kijiji kizima kikasema kapata bahati.

Alichosoma ni nepi.

Aliwabeba watoto wa mjomba mmoja baada ya mwingine, shule ikaishia njiani, akarudishwa kijijini kuolewa. Wale aliowabeba leo ni watu wazito. Mimi mwanaye nauza vitumbua hapa mtaani Msamala. Siwaonei wivu, ila tusidanganyane kwamba ni juhudi tu.

Sasa juzi juzi tulikuwa na kikao cha familia kwa mjomba. Binti yake mkubwa, namwita dada, alikuja toka Dar. Akaniambia kwa upole kabisa, "Mdogo wangu, binti yako kafaulu la saba. Nipe nikae naye, nitamsomesha."

Wazee wakaanza kushukuru. Mimi nikauliza, atasoma shule moja na wanao?

"Hapana, wale wako English medium. Yeye ataingia ya kata, ipo jirani, ili mchana awahi kunishikia mtoto. Msichana wa kazi kaondoka."

Wala hakuona tatizo. Na ni mtu mwema, hilo ndilo liliniuma zaidi.

Nikasema binti haendi. Kikao kikachafuka. Nikaambiwa nina kiburi, namzibia mtoto riziki, na nikikwama nisimpigie mtu simu. Niliogopa, sifichi, maana tukiwa na mgonjwa ni hao hao tunaowakimbilia.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka. Miaka yote namsikia akimsifu kaka yake. Akasema taratibu, "Kaka, ulinichukua nikasome. Hebu waambie nilisoma nini."

Mjomba akainamisha kichwa. Tukatawanyika bila hata kula.

Binti kaanza form one hapa hapa, shule ya kata. Nimeongeza chuma cha pili cha vitumbua na atasoma, waninunie wasininunie. Anayetaka kumsaidia karibu, amsaidie akiwa kwangu.

Nilichojifunza: kabla hujamtoa mtoto kwa ndugu, uliza akitoka shule mchana atafanya nini.

Povu ruksa. Ila mliolelewa kwa ndugu nijibuni kwanza: mlikwenda kusoma au kulea?